Jicho la shahidi na neno la mshtakiwa: Rufaa za mauaji hupimwa vipi?

MWENYE macho, walisema wahenga, haambiwi tazama. Katika kesi ya mauaji, hata hivyo, mwenye macho huulizwa mengi: alitazama kwa mwanga gani, kwa umbali gani, kwa muda gani, na je, aliyemwona alikuwa mtu anayemjua?

Maswali hayo ndiyo huamua hatima ya rufaa nyingi za mauaji, zikiwemo zinazotoka kaunti za Migori na Homa Bay. Zamani, eneo hilo lilipokuwa wilaya ya South Nyanza, kesi kubwa zilipelekwa Kisii. Siku hizi Mahakama Kuu hukaa Homa Bay na pia Migori, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa, Kisumu.

Sura ya kesi hizi hufanana. Mtu huvamiwa bomani usiku na kuuawa. Jamaa yake husema alimtambua muuaji. Mshtakiwa naye hujibu kwamba usiku huo alikuwa ziwani akivua omena, au alikuwa Isebania mpakani, au alikesha matangani katika kijiji kingine. Silaha haikupatikana, wala alama za vidole. Jaji hubaki na kauli mbili ambazo haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja.

Hali ya maisha ya ufuoni huufanya mvutano huo kuwa mgumu zaidi. Omena huvuliwa kwa taa, nao wavuvi hupendelea usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa hazivuti samaki vyema. Basi usiku ule ule ambao mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay ana sababu njema ya kutokuwa nyumbani, ndio usiku ambao shahidi bomani huona kwa shida.

Mahakama za Afrika Mashariki zililitambua tatizo la utambuzi mapema. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba shahidi mmoja anaweza kutosha kumtia mtu hatiani, lakini ikaonya kwamba ushahidi wake wa utambuzi lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa iwapo mazingira yalikuwa magumu. Katika kesi ya Roria ya mwaka 1967, majaji walisema hukumu inayotegemea utambuzi pekee daima huacha wasiwasi.

Onyo hilo halikutoka hewani. Mjini London, mwaka 1896, Adolf Beck alifungwa baada ya wanawake kadhaa kuapa kwamba ndiye aliyewatapeli. Mwaka 1904 alipatikana tena na hatia, kabla ya tapeli halisi kunaswa. Wanawake wale hawakusema uongo, bali walikosea kwa dhati. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa shahidi mwongo anaweza kubabaika akihojiwa, ilhali shahidi mkweli aliyekosea hasiti wala hagugumizi.

Nchini Kenya, kesi ya Maitanyi ya mwaka 1986 iliwataka majaji wachunguze mwanga wenyewe: ulikuwa wa aina gani, ulikuwa na nguvu kiasi gani, na ulikuwa wapi ukilinganishwa na mshukiwa. Kusema tu kwamba kulikuwa na koroboi au kurunzi hakutoshi. Kurunzi iliyo mkononi mwa mvamizi humulika uso wa shahidi, wala si uso wa mvamizi.

Kweli, kumtambua jirani ni tofauti na kumtambua mgeni. Kesi ya Anjononi ilithibitisha kuwa ushahidi wa kumtambua mtu unayemjua una uzito zaidi. Hata hivyo, watu hukosea hata kuhusu jamaa na marafiki zao. Ndiyo maana mahakama huuliza swali jingine: je, shahidi alimtaja mshukiwa kwa jina katika taarifa yake ya kwanza, kwa chifu au katika kitabu cha matukio cha polisi? Jina linalojitokeza wiki mbili baadaye, baada ya minong'ono ya matanga, huzua shaka.

Na utetezi wa kuwa mahali pengine? Wengi hudhani mshtakiwa anayesema hakuwapo ni sharti athibitishe. Sheria haisemi hivyo. Kesi ya Sekitoleko kutoka Uganda, ya mwaka 1967, ilieleza kwamba mzigo wa kuuvunja utetezi huo hubaki kwa upande wa mashtaka. Mshtakiwa akizua shaka ya maana, inatosha. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 nayo inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Lakini haki hiyo si kichaka cha kujifichia. Tangu kesi ya Sukha Singh ya mwaka 1939, mahakama zimeshikilia kwamba utetezi huo utajwe mapema ili polisi wauchunguze. Unaoibuka siku ya kujitetea hupungua uzito, na sheria humruhusu kiongozi wa mashtaka kuomba idhini ya kuleta ushahidi wa kuujibu. Katika kesi ya Karanja ya mwaka 1983, ilielezwa kwamba mahakama yaweza kuupima kwa kuulinganisha na ushahidi mwingine wote.

Hapo ndipo kosa hupenya kwa urahisi. Jaji akimwamini shahidi kwanza, kisha akautupa utetezi kwa sababu tu amekwisha kumwamini shahidi, atakuwa hajapima chochote. Kauli hizo mbili hupaswa kuwekwa katika mizani kwa wakati mmoja. Tena, utetezi ukigunduliwa kuwa wa uongo, uongo huo peke yake hauthibitishi kwamba mshtakiwa aliua.

Mahakama ya Rufaa, ikiwa ya kwanza kusikiliza rufaa ya mauaji, hulazimika kuuchambua upya ushahidi wote, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Haiwezi, lakini, kurejesha kile ambacho polisi hawakukitafuta. Wavuvi wenzake mshtakiwa hawakuhojiwa. Kamati ya ufuo haikuulizwa ni mashua zipi zilitoka. Rekodi za simu hazikuombwa. Na kama shahidi hakumjua mshukiwa, gwaride la utambulisho halikuandaliwa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye.

Kenya haijamnyonga mfungwa tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Hata hivyo, miaka mingi gerezani kwa kosa la mwingine hailipiki. Nayo familia ya marehemu haipati haki mtu asiyehusika akifungwa, wala muuaji akiachiliwa kwa sababu ya uchunguzi wa ovyo. Majaji wa Kisumu hupima tu kile walicholetewa, nacho hukusanywa au kupotea katika siku za kwanza baada ya mauaji, kijijini na ufuoni.