Tundu la Hewa Nalo Likaguliwe

Askari hufundishwa tangu siku yake ya kwanza kambini kwamba bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe. Huusugua mtutu, huupaka mafuta, naye ofisa huja akauchungulia kwa jicho moja. Lakini ni ofisa gani aliyepata kuingia katika nyumba ya askari, akainua macho juu ya dirisha, akauliza kama tundu la hewa liko wazi? Katika utumishi wangu wote sijamwona.

Nyumba nyingi za askari na polisi huku mashariki, Jinja na Mbale, zina matundu ukutani juu ya milango na madirisha. Waliojenga hawakuyaweka kwa urembo. Hewa ya moto hupanda juu; ikikuta tundu hutoka, na hewa iliyo baridi huingia kwa chini kuchukua nafasi yake. Huo ndio mtambo wa kupoza nyumba ya askari, usiotumia umeme wala mafuta, na matengenezo yake ni brashi tu. Jinja ni mji wa umeme tangu bwawa la Owen Falls, liitwalo leo Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954. Hata hivyo si kila aishiye karibu na bwawa ana feni. Saa nane mchana, bati likiwa limeshika moto, aliyeziba matundu yake huokwa kama mkate ndani ya tanuri. Polisi aliyepata kulala katika kile kibanda cha bati cha duara tukiitacho unipoti hahitaji kuelezwa.

Mbale shida hugeuka. Mchana kuna joto, lakini mvua ikinyesha usiku na upepo ukashuka kutoka Wanale, mtu hutafuta blanketi la pili. Na kadiri apandavyo miteremko ya Elgon kuelekea Kapchorwa, baridi huwa si ya mchezo. Hapo ndipo sigiri ya makaa huingizwa chumbani, na matundu yakazibwa kwa matambara na karatasi.

Nasema haya kwa kuwa nusura nife. Ilikuwa usiku wa mvua, miaka michache baada ya kutoka chuo cha makadeti, nami nilikuwa mgeni wa ofisa mwenzangu kwenye miteremko hiyo. Tulipika posho na maharage, tukaingiza sigiri ndani, tukafunga kila mahali. Usiku wa manane nikaamka kichwa kikigonga kama ngoma, nikataka kwenda msalani. Miguu ikanikataa, nikauangukia mlango, komeo likafyatuka, hewa ikaingia. Mwenzangu hakuamka mpaka alipofikishwa hospitali akatiwa oksijeni. Asubuhi nilitazama kilichoziba tundu: lilikuwa gazeti. Kwa mtu wa kazi yangu, aibu hiyo haisahauliki.

Makaa yawakapo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, na chumba kikiwa kimefungwa gesi hiyo hujaa humo. Haina rangi, haina harufu, wala haimkohozi mtu kama moshi. Huingia mapafuni ikashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata mwili ukakosa hewa ilhali mtu bado anapumua. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, mwili hulegea, kisha usingizi. Askari hudhani ni malaria au uchovu wa doria, akajilaza, na kulala huko ndiko kunakomwua. Wako wanaoamini kwamba makaa yaliyokwisha kuwa mekundu bila moshi ni salama, au kwamba sufuria ya maji juu ya sigiri huondoa sumu. Hayo yote ni uongo. Wala tundu lililo wazi si ruhusa ya kulala na sigiri. Baada ya kupika itolewe nje, na baridi ishindwe kwa blanketi. Ukimkuta mtu amezimia, mtoe nje kwanza, umpeleke hospitali, hata kama amezinduka.

Hata hivyo siwalaumu askari peke yao. Anayeziba tundu aghalabu anamkimbia mbu, na Jinja iliyo kando ya ziwa ina mbu wa kutosha. Ukimwamuru azibue bila kumpa kinga, ofisa akiondoka ataziba tena, nami ningefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo stoo zetu zitoe wavu wa waya kwa kila tundu, pamoja na vyandarua vyenye dawa. Kipande cha wavu na misumari michache havilingani na gharama ya kumzika askari mmoja. Na kwa kuwa wavu uliojaa vumbi huziba sawasawa na tambara, usafishwe kwa brashi kila mwezi, pamoja na viota vya nyigu na ndege vilivyomo tunduni.

Ombi langu kwa makamanda wa kambi na wakuu wa vituo vya polisi ni kwamba neno moja liongezwe katika ukaguzi wa nyumba: matundu ya hewa. Wakianza na nyumba yangu sitalalamika. Nimekwisha kupiga brashi.