Gari la Watoto na Matairi ya Kuazima



Gari linalowachukua watoto wetu kwenda madrasa limekaribia siku yake ya ukaguzi wa mwaka. Sheria ya nchi yetu yataka magari ya biashara na ya kubebea abiria yapelekwe kila mwaka mbele ya wakaguzi wa NTSA, na siku hizi maombi na malipo hufanywa kwa mtandao. Hayo ni mepesi. Lililotukosesha usingizi ni jingine. Makanika mmoja alitushauri tusijisumbue na matairi ya nyuma yaliyolika: yeye ataleta mazuri asubuhi ya ukaguzi, tumlipe kidogo, na jioni ayachukue. Twakiri kwamba bei ya matairi mapya ilitufanya tumsikilize kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Mama mmoja, aliyekuwa amesimama pale akimngoja mwanawe, ndiye aliyeuliza: "Maalim, na kesho yake asubuhi, watoto watapanda juu ya matairi yepi?"

Hatukuwa na jawabu. Tulikumbuka kisa tunachowasomesha wanafunzi wetu kila mwaka, cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, juu pakiwa pakavu na ndani vidole vikakuta umajimaji. Miaka yote hiyo tumekisomesha tukidhani kinawahusu wauza nafaka.

Basi siku ya Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri, tulilikagua gari sisi wenyewe uani. Sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji fundi, na akina mama wanaiweza vyema, pengine kutushinda, kwani wao wamezoea kutazama kitu mpaka pembeni.

Tulianza na taa. Dereva alikaa kwenye usukani, injini imezimwa, na binti yetu akasimama nyuma akitangaza kila iliyowaka: indiketa ya kulia, ya kushoto, taa za breki. Ya breki ya kushoto hakuitangaza. Dereva aliapa kwamba inawaka, naye binti akashikilia neno lake. Tulipokwenda kutazama, balbu ilikuwa imeungua, na haijulikani tangu lini. Asiye na msaidizi na aliegeshe gari karibu na ukuta wakati wa Magharibi, autazame mwanga ukutani.

Kisha injini ikawashwa, gia ikiwa huru, tukaikanyaga breki na kuishikilia kwa kuhesabu hadi thelathini. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna kasoro ndani yake, na gari lisitoke uani mpaka fundi aitwe. Yetu ilisimama imara. Lakini tulipoinama na kumulika kwa kurunzi, tuliona mabomba membamba ya breki yameanza kushika kutu. Hewa ya pwani ina chumvi; inavyokula mabati ya paa ndivyo inavyokula tumbo la gari. Jambo hilo tumemwachia fundi. Asiingie mtu kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Matairi sasa. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Yetu mawili ya nyuma yamelingana navyo. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua hukausha mpira ukapasuka hata mifereji ikiwa bado mirefu. Tulipolitoa tairi la akiba, ambalo hakuna aliyewahi kulitazama, tulisoma 0911. Limewatangulia kuzaliwa watoto wote wanaopanda gari hilo.

Mikanda tuliivuta kwa ghafla, nayo yapasa kukaza papo hapo. Miwili haikufunga kabisa, kwa kuwa vifungo vyake vilijaa kokwa za ubuyu, wahusika wanajijua. Honi, waipa, pembetatu na kizimamoto vilikuwa salama. Namba ya chesisi tuliisugua kutu kwa brashi ili isomeke na ilinganishwe na kitabu cha gari.

Makanika tulimwambia kwamba hatutaazima. Alicheka, akasema hivyo ndivyo wafanyavyo watu. Hatukubishana naye.

Yahitajika matairi matatu, nasi tunazo fedha za moja. Mpaka mengine yapatikane, gari litabaki uani, na wazazi wanaokaa mbali tunawaomba wapokezane kuwaleta watoto. Mama yule aliyetuuliza amekwisha kuahidi kuwaleta kwa miguu wanne wa mtaa wake.