Joto ni Moja, Miili ni Mbalimbali: Tuliyoyaona Owino

Mwezi Januari na mwezi Februari, mvua zikiwa zimekatika, Soko la Owino hapa Kampala huwa kama tanuri. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, lakini wananchi bado huliita Owino, nasi tutawafuata wananchi. Mabati na maturubai yamefunika vichochoro vyake, nguo za mitumba zimening'inizwa pande zote mbili hadi juu ya vichwa vya wapitao, na upepo utokao upande wa Nakivubo haupati mahali pa kupenya. Saa nane mchana tulisimama katika kichochoro kimoja cha namna hiyo. Akapita mpagazi mwembamba mwenye robota la mitumba mgongoni, jasho likimtiririka, akipaza sauti watu wampishe. Alikwenda na kurudi mara tatu tukiwa pale pale. Hatua chache kutoka kwetu alikuwapo konstebo kijana, mwenye afya na kifua kipana, ambaye kazi yake saa hiyo ilikuwa kusimama tu. Konstebo huyo ndiye aliyeshika nguzo, akakaa chini, akatapika.

Waliomzunguka walikuwa na maelezo tayari. Mmoja alisema kijana hakula asubuhi. Wa pili alisema kwao ni Kabale, na watu wa baridi hawaliwezi jua la Kampala. Wa tatu, mzee muuza viatu, alicheka akasema askari wa siku hizi ni laini. Maelezo ya kwanza yana kweli kidogo. Ya pili yana kweli kubwa ambayo msemaji wake hakuielewa. Ya tatu ni uongo, tena ni uongo unaoweza kuua. Jambo hili lawahusu askari kuliko watu wengine, kwa sababu raia akizidiwa na joto huweka mzigo chini akatafuta kivuli, lakini askari hukaa pale alipowekwa.

Yafaa kwanza tujue mwili wafanya nini. Mwanadamu, awe wa Kabale au wa Mogadishu, hutakiwa kukaa na joto la nyuzi 37 hivi ndani ya mwili wake. Hata akiwa amekaa kimya hutoa joto kama la taa ya umeme ya wati 100. Akianza kutembea na mzigo, sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia hugeuka kuwa joto, na robo tu au pungufu yake ndiyo inayokuwa kazi. Joto hilo lazima litoke. Damu hulichukua kutoka ndani na kulipeleka kwenye ngozi, na jasho hulimaliza hapo. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto ambalo lingeweza kuchemsha lita saba hivi za maji baridi. Lakini ni lazima likauke. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu, na ndiyo sababu mahali penye unyevunyevu na pasipo upepo, kama kichochoro tulichokitaja au ufuko wa bahari, huwachosha watu zaidi ya jangwa kavu lenye nyuzi zile zile.

Sasa turudi kwa mpagazi wetu. Mwili wake umezoea, wala neno "kuzoea" hapa si la mafumbo. Mtu akifanya kazi katika joto kila siku kwa muda wa wiki moja hadi mbili, majimaji ya damu yake huongezeka, moyo wake hupunguza mbio, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayopotea ndani ya jasho hupungua. Mpagazi huyo amekuwa katika mafunzo hayo kila siku bila kujua. Konstebo, kama ni kweli alikuwa ametoka Kabale karibuni, mahali palipo katika kimo cha meta 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuwa na hata wiki moja ya mafunzo hayo. Kampala ipo kwenye meta 1,200 hivi. Yule aliyesema habari ya watu wa baridi alidhani anazungumzia kabila, kumbe alikuwa akizungumzia ratiba.

Jambo hili lilithibitishwa kwa gharama ya maisha ya Waafrika. Katika miaka ya 1920 wafanyakazi wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, walianza kufa kwa joto kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini. Wenye migodi walikuwa wakiamini, kama wakoloni wengi walivyoamini, kwamba Mwafrika kwa asili yake halisumbuliwi na joto. Mnamo mwaka 1935 Daktari Dreosti alieleza jinsi alivyowapima wafanyakazi hao kwa kuwafanyisha kazi mahali penye joto na unyevu. Aliona kwamba watu wa rangi moja na kazi moja walitofautiana sana: wengine walistahimili tangu siku ya kwanza, na wengine walishindwa kabisa. Kuanzia hapo wafanyakazi wapya wakawa wanazoezwa polepole kabla ya kupewa kazi nzito, na vifo vikapungua. Hatusemi kwamba wenye migodi walifanya hivyo kwa huruma. Waliipenda dhahabu yao. Lakini elimu iliyopatikana ni halali yetu.

Wakoloni hao hao, kwa upande wao, walivaa kofia nene za jua hata wakienda kunywa chai, wakiamini kwamba mionzi ya jua la Afrika hupenya fuvu la mzungu na kumharibu ubongo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, maelfu ya vijana wao walipigana katika nchi za joto bila kofia hizo, wala ubongo wao haukuharibika. Nadharia ya damu na rangi ilianguka pande zote mbili kwa pamoja.

Je, hakuna tofauti za kuzaliwa? Zipo. Mtu mrefu mwembamba ana ngozi nyingi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo hupoza mwili kwa urahisi kuliko mtu mnene. Mtaalamu wa Kijapani, Yas Kuno, alieleza kwamba hesabu ya vinyweleo vya jasho vinavyofanya kazi huamuliwa katika miaka miwili hivi ya kwanza ya maisha, kwa kadiri ya tabia ya nchi anayokulia mtoto. Wazee hutoa jasho kidogo na kwa kuchelewa, na watoto wachanga hupata joto upesi. Lakini kwa kikosi cha vijana waliokwisha kupimwa afya, tofauti hizo ni ndogo zikilinganishwa na tofauti baina ya aliyezoea na asiyezoea.

Tena mazoea hayo hayadumu. Mtu akiondoka katika joto, mwili husahau katika wiki chache. Askari aliyekuwa hodari Mogadishu, akapewa likizo ndefu nyumbani Kapchorwa kwenye ubaridi wa mlima, hurudi Mogadishu akiwa karibu kama mgeni. Uganda imekuwa ikipeleka askari wake Somalia tangu Machi 2007, na njia ya kutoka kambi za bara kwenda ufuko ule ni ya saa chache tu kwa ndege. Ndege huupeleka mwili, lakini haiwezi kuuzoeza. Afisa anayepanga doria ndefu kwa kikosi kilichoshuka juzi anapaswa kulijua hilo kama anavyojua idadi ya risasi.

Hata aliyezoea huweza kushindwa siku fulani, na hapa ndipo tunapoona makosa mengi zaidi. Mtu mwenye malaria inayoanza tayari ana joto la ziada ndani yake. Mwenye kuhara amepoteza maji na chumvi kabla hajaanza kutoka jasho. Aliyekunywa waragi usiku huamka mkavu. Atafunaye mairungi ili asisinzie lindoni huongeza joto la mwili na mapigo ya moyo. Asiyelala, asiyekula, anayetumia baadhi ya dawa za mafua zinazozuia jasho, na yule aliyewahi kuanguka kwa joto siku za nyuma, wote hao wamo hatarini kuliko jirani zao katika mstari ule ule wa gwaride. Aghalabu askari huficha hali hizo kwa kuogopa kuitwa mtegaji. Ongeza juu yake fulana ya kuzuia risasi, kofia ngumu na ngao, ambavyo huzuia jasho lisikauke, na konstebo anayesimama tu Owino huenda anabeba mzigo mzito kuliko tulivyodhani.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya yote hayo ni ushupavu. Tarehe 13 Julai 2013 askari watatu wa akiba wa Uingereza waliojaribiwa kuingia kikosi maalumu walizidiwa katika milima ya Brecon Beacons, nchini Wales, walipokuwa wakitembea kilometa 26 hivi na mizigo mgongoni, na wote watatu wakafa. Joto la siku hiyo lilikuwa karibu nyuzi 27, yaani siku ya kawaida kabisa hapa Kampala. Watu hao hawakupungukiwa na ushupavu. Ushupavu ndio uliowafanya waendelee kutembea mwili ulipokuwa ukiwaambia wasimame.

Yapo pia mawazo ya kale kwamba askari afundishwe kukaa bila maji, ili akifika vitani awe amezoea kiu. Mtaalamu wa Kimarekani, Adolph, aliwachunguza askari jangwani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kitabu chake kilitoka mwaka 1947. Alionyesha kwamba mwili huzoea joto lakini hauzoei kukosa maji hata siku moja, na kwamba maji yaliyo tumboni yana faida kuliko yale yaliyowekwa akiba chupani. Wauza bushera na wanaotembeza maji Owino wanafanya kazi ya afya kuliko wanavyofahamu. Ni kweli kwamba kunywa maji mengi kupita kiasi kwa saa nyingi bila chumvi wala chakula nako kuna madhara, lakini makosa ya lindoni kwa kawaida si hayo.

Tofauti nyingine haimo mwilini hata kidogo. Wakati wa Hija ya Juni 2024 joto la Makka lilizidi nyuzi 50, na wenye mamlaka wa Saudia walitangaza vifo 1,301. Asilimia 83 ya waliokufa walikuwa watu wasioandikishwa, ambao walitembea mwendo mrefu juani pasipo kivuli wala mahema yenye ubaridi. Jua lilikuwa moja kwa wote, lakini kivuli kiligawiwa kwa cheti.

Na wako wasioweza kukitafuta kivuli kwa sababu wamo mikononi mwetu, sisi na ninyi, kwa jina la dola. Tarehe 11 Julai 1989, katika stesheni ya reli ya Mukura, Teso, raia waliotuhumiwa kuwa waasi walifungiwa na wanajeshi ndani ya behewa la chuma. Watu 69 walikufa humo. Ukumbusho wao upo hapo Mukura hadi leo. Huko Kosti, Sudan, mwezi Februari 1956, karibu wakulima 200 walikufa kwa namna hiyo hiyo katika chumba walichofungiwa usiku mmoja. Husemwa kwamba walikosa hewa, nayo ni kweli, lakini joto na ukosefu wa hewa huenda pamoja: kila mwili ni taa yake ya wati 100, hewa hujaa mvuke, na jasho halikauki tena. Katika chumba cha namna hiyo mazoea ya miaka mingi hayamfai mtu. Polisi anayewajaza watu nyuma ya gari lililofungwa, juani, wakati wa msako, akasema "watasubiri kidogo", na akumbuke hesabu hiyo ya taa.

Limebaki jambo la kumtambua aliyezidiwa. Joto la ndani likipita nyuzi 40 hivi, akili huvurugika kwanza. Mtu huyumba, husema maneno yasiyoeleweka, hutukana, hugoma kufuata amri. Ngozi yake huweza kuwa kavu, lakini kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi au kukimbia huweza pia kuwa imelowa jasho, kwa hiyo jasho lisimdanganye mtu. Ni rahisi sana kumdhania kuwa mlevi, au mkaidi, na kumtia ndani. Basi huyo atakufa ndani. Akitambuliwa, apozwe kwanza, kisha asafirishwe. Avuliwe viatu, fulana ya risasi na nguo nzito, alazwe kivulini, amwagiwe maji mfululizo mwili mzima huku akipepewa, au atiwe katika pipa la maji baridi kama lipo. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Katika mbio za kila mwaka za Falmouth, Marekani, wakimbiaji 274 walipatwa na hali hiyo katika muda wa miaka 18, na wote walitumbukizwa katika maji ya barafu pale pale kwenye mstari wa mwisho. Hakufa hata mmoja.

Konstebo wetu alipona bila barafu. Mama mmoja muuza matunda alimwagia ndoo mbili za maji aliyokuwa akioshea mananasi, mzee muuza viatu akampepea kwa kipande cha boksi, na mpagazi, akirudi mara ya nne, aliweka robota lake chini ili watu wapate kupita na machela.