MZIGO WA KAJIADO UPITE RELINI



Sisi wa reli tunaokaa Kisaju twaona malori yakipita usiku na mchana kwenda Kajiado na Namanga. Watoto wetu wavuka barabara kwa hofu. Tangu 2018 reli mpya yaleta makontena kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha yapakiwa malorini. Kwa nini? Reli ya Konza–Magadi yapita Kajiado tangu 1915. Ilijengwa kuchukua magadi kwenda bandarini. Behewa la reli ya zamani laweza kutoka Mombasa, likakata kona Konza, likafika Kajiado bila mzigo kushushwa. Wengine husema reli hiyo imechakaa. Basi itengenezwe! Reli ya kutoa mali, na ilete mali pia. Ndugu, tudai kwa sauti moja.