Funksheni ya Void Itakuchoma Siku Moja

Wasee, leo nina lalamiko na PL/pgSQL, ile lugha ya kuandika funksheni ndani ya PostgreSQL.

Unaita funksheni ya void ndani ya nyingine kwa SELECT, inakukatalia, eti matokeo hayana pa kwenda. Dawa ni kutoa SELECT uweke PERFORM. Hata ujumbe wa kosa unakuambia hivyo ukisoma hadi chini (hakuna anayesoma, najua). Hiyo si shida.

Shida ni vile tumezoea void. Mwaka jana nilitengenezea chama cha mamangu kamfumo kadogo ka kurekodi michango. Funksheni ya kuonyesha mtu amelipa ilikuwa RETURNS void, ndani UPDATE moja tu. Nikajaribu, hakuna kosa, nikalala fiti. Wiki tatu baadaye mama mmoja akasimama kwa mkutano, meseji zote za malipo ziko kwa simu, na orodha yangu inasema hajatoa hata bob. Alilia, manze. Mamangu hakuniangalia hadi tukafika nyumbani.

Namba yake niliiandika ikianza na 07, malipo yakaja na 2547. UPDATE ikatafuta, ikakosa, haikugusa rekodi hata moja. Na kwa Postgres hilo si kosa, ni kazi imeisha. Nikadhani kimya ni ndiyo.

Kuna wenye watasema ningetumia prosija, zile zilikuja na toleo la 11 mwaka 2018, unaziita kwa CALL. Ni poa, unaweza kufanya COMMIT katikati ya kazi, kitu funksheni haiwezi. Lakini hapa ingenyamaza vilevile.

Weka IF NOT FOUND chini ya UPDATE yako, halafu RAISE EXCEPTION. Ama urudishe idadi ya rekodi zilizoguswa, GET DIAGNOSTICS inakupa, anayeita aamue mwenyewe. Na ufanye hivyo ndani ya funksheni yenyewe, kwa sababu ukiangalia FOUND kule nje baada ya PERFORM, utapata true. Void hurudisha mstari mmoja mtupu, na PERFORM inauhesabu. Hiyo ilinimalizia jioni nzima.

Yule mama tulimrekebishia usiku huohuo. Mpaka leo akilipa ananitumia picha ya meseji, na mimi namjibu, "Imeingia, mama."