Kosa Siyo Kumwacha Mshikaji Mlimani, Kosa ni Kuandika "Peke Yangu"

Kuna klipu imezunguka sana mitandaoni wiki hizi. Mwamba mmoja wa vichekesho, jina kapuni, kasimama pembeni ya pikipiki yake katikati ya maua ya Kitulo. Ukungu nyuma yake, koti jekundu, muziki wa taratibu. Chini kaandika: "Pikipiki moja, milima yote hii, peke yangu na Mungu wangu." Mioyo ikamiminika, watu wakamwita mpambanaji.

Halafu ikaingia komenti ya neno moja: "Hongera."

Aliyeiandika ni jamaa asiye na jina mjini, fundi simu wa Kariakoo ambaye wafuasi wake hawafiki hata elfu moja. Waliomfahamu wakashtuka, maana huyo jamaa alikuwepo. Alitoka Dar na staa, pikipiki mbili, safari moja. Na hiyo klipu yenyewe inayosema "peke yangu", kamera kaishika yeye.

Tangu hapo timu zimegawanyika. Timu ya kwanza inasema staa ni msaliti, kamwacha mwenzake njiani cheni imekatika. Timu ya pili inasema kontenti ndiyo kazi yake, na fundi ashukuru kwamba kaenda kutalii na mtu maarufu, anataka nini tena? Povu ni jingi, ila timu zote mbili zinapiga nje ya goli.

Kwanza stori yenyewe, kama watu wao wa karibu wanavyoisimulia. Hawa wawili wamekulia mtaa mmoja Temeke na wamekaa dawati moja shule ya msingi. Wazo la kwenda Nyanda za Juu Kusini kwa pikipiki lilikuwa la fundi, siyo la staa. Alikuwa nalo miaka mingi, anaangalia ramani kwenye simu za wateja akizijaribu kama zimepona. Staa alipolisikia akaona humo kuna kontenti, wakapanga. Fundi akafunga kibanda wiki nzima. Kwa mtu anayekula kwa kazi ya siku, kufunga kibanda ni sawa na kulipa nauli mara mbili. Staa alikuwa na pikipiki kubwa, cc 250. Fundi alikuwa na cc 125, ileile ya kubebea abiria, mzigo kaufunga nyuma kwa mpira.

Siku ya kwanza walilala Mikumi mjini, kama kilomita 300 kutoka Dar. Barabara kuu pale inakatiza ndani ya hifadhi, kwa hiyo unaendesha jicho moja kwenye lami na jingine kwa twiga. Siku ya pili wakapita Ruaha Mbuyuni, wakapanda Mlima Kitonga katikati ya malori yanayonguruma kwa gia ya kwanza, wakalala Iringa. Siku ya tatu ikawa Mafinga, Makambako, baridi ya kweli ikaanza, mpaka Chimala. Ukiangalia klipu za siku hizo tatu, zina watu wawili. Wanacheka, wanakula mahindi ya kuchoma, mmoja anamtania mwenzake kwa kuvaa soksi kama glavu. Kila njia panda staa alikuwa anasimama mpaka aone taa ya mwenzake.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya Hamsini na Saba.

Kwa wasioijua, hiyo ni barabara inayotoka Chimala kupanda kwenda Matamba, Makete. Jina limetokana na kona zake: ziko 57, moja juu ya nyingine, ukiangalia chini unaona tambarare ya Usangu imelala kama mkeka. Juu ndiko unakopata njia ya uwanda wa Kitulo. Ni kupanda kwelikweli. Hewa inakuwa nyepesi, injini ndogo inaishiwa pumzi, unashuka gia ya pili, ya kwanza, unabaki kuomba. Na maua ya Kitulo yanachanua kati ya Desemba na Aprili, miezi ileile ya mvua. Anayefuata maua anafuata na utelezi.

Staa alitaka kufika juu kabla ukungu haujafunga, apate mwanga mzuri wa kurekodi. Akakata mbele. Katikati ya kona cheni ya fundi ikakatika. Akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akakaa pembeni ya kona kwenye mvua karibu saa tatu, anaangalia Usangu ikipotelea kwenye giza, na kila lori la viazi likishuka anaivuta pikipiki ukingoni.

Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda wa Matamba, aliyekuwa na kiungo cha cheni cha akiba mfukoni mwa koti. Kaunga cheni kwa mwanga wa tochi ya simu. Alipoulizwa bei akacheka, akasema kaka yake ana duka Kariakoo. "Wetu mnakaa nao huko, na sisi wenu tunakaa nao huku." Wakinga na biashara ya Kariakoo ni stori ndefu, lakini usiku ule stori hiyo ilikuwa na thamani ya kiungo kimoja cha cheni.

Fundi kafika Matamba usiku, kalowa mpaka mifupa. Staa alikuwa ameshakula, anahariri klipu. Neno lake la kwanza: "Ulikuwa wapi, broo? Mwanga ulikuwa mkali ile mbaya."

Asubuhi yake wakaenda Kitulo. Pale ni juu ya mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu 2005, iliyotengwa kwa ajili ya maua kuliko wanyama. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na ukisimama pale huna haja ya kuuliza kwa nini. Fundi akashika kamera. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, maana glavu alizonunua Iringa alimvulisha staa ambaye zake alizisahau gesti. Zitazame kwenye klipu ile ya koti jekundu. Zile glavu nyeusi siyo za mwenye koti.

Ndiyo hapo ikazaliwa "peke yangu".

Sasa, kutangulia siyo dhambi. Pikipiki ya cc 250 kubanana na ya cc 125 mlima mzima kunamchosha dereva. Ndiyo maana watu wa safari ndefu za pikipiki wana utaratibu wao. Mwenye injini ndogo anawekwa mbele ili yeye ndiye apange mwendo. Kama yuko nyuma, wa mbele anamwangalia kwenye kioo, akipotea anapunguza. Njia panda hakuna kuondoka mpaka wote mfike. Staa aliyajua hayo, siku tatu aliyafanya. Siku ya nne mwanga ukamlevya. Ni kosa, tena kubwa, lakini ni kosa la binadamu. Kosa la namna hiyo linaombewa radhi usiku uleule kwa sahani ya viazi na chai ya moto, asubuhi mnacheka.

"Peke yangu" ni kitu kingine kabisa. Hilo neno halikuandikwa kwenye mvua wala kwa haraka. Liliandikwa mtu akiwa ameshiba, amekaa, ana muda wa kuchagua muziki na rangi. Unapomwacha mtu barabarani, umemsahau kwa muda. Unapomfuta kwenye stori, umemkumbuka kwanza, halafu ukaamua kwamba hafai kuonekana. Hapo ndipo timu zote mbili zimepita bila kusimama.

Wapambe wa staa wana hoja moja ya kusikilizwa: hiyo ndiyo ajira yake, na stori ya mtu mmoja dhidi ya mlima inauza kuliko ya watu wawili wanaogombania soksi. Kweli inauza. Lakini klipu zake zilizopendwa zaidi katika safari ile ni zipi? Ni zile za siku tatu za mwanzo, za utani na mahindi. Na hata kama klipu ya maua ilihitaji mtu mmoja kwenye picha, maneno ya chini hayakuhitaji uongo. "Kamera: mshikaji wangu." Maneno matatu. Hakuna mdhamini ambaye angevunja mkataba kwa maneno matatu.

Na fundi naye asibebwe kama malaika. Watu wao wanasema ile cheni ilianza kulegea tangu Makambako, na alijua. Alinyamaza kwa sababu aliona aibu kumsimamisha mtu maarufu asubiri kwa fundi pikipiki wa njiani. Mtu anayetengeneza vitu vya watu kila siku alishindwa kusema chake kimeharibika. Mlimani aibu ni hatari kuliko utelezi. Cheni ikikatika ukiwa unapanda, unasimama. Ingekuwa breki, tena siku ya kushuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, leo hii watu wasingekuwa wanabishana kuhusu komenti, wangekuwa wanachangishana. Rafiki wa kweli anasubiri, lakini na wewe unayesubiriwa una wajibu wa kusema "simama".

Hata ile "Hongera" ina walakini. Ilikuwa tamu kuisoma, mji mzima umeicheka. Lakini namba ya staa anayo, tena ya miaka yote. Kumpigia simu kungemuumiza staa peke yake. Kuandika pale kulimuumiza staa na kuwapa watu wasiowajua ruhusa ya kuingia kwenye urafiki wao na viatu.

Hii stori imegusa wengi kwa sababu kila mwenye wafuasi ana mtu wake nyuma ya kamera. Yupo aliyeazimisha koti la kupigia picha. Yupo aliyekaa juani saa nzima akirudia "moja mbili tatu" mpaka picha ikubali. Yupo aliyelipia mafuta ukamwambia utamrudishia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walisema, ila siku hizi akufaaye kwa dhiki anakatwa kwenye fremu ili picha ikae vizuri.

Safari yao haikuishia Kitulo. Walitelemkia Isyonje, wakaipita Rungwe imejifunika mawingu, wakaingia Tukuyu kwenye chai na migomba, wakamalizia Matema kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Siku mbili nzima, na inasemekana waliongea maneno machache sana. Lakini kuna kitu kimoja watu wao wanakitaja: kuanzia Matamba mpaka Matema, staa aliendesha nyuma. Bila kuombwa. Fundi mbele na cc 125 yake, staa nyuma, taratibu.

Kwa hiyo alijua. Alilijua kosa lake vizuri kabisa, na barabarani alilirekebisha kama mwanaume. Kilichobaki ni kulirekebisha pale alipolifanya kubwa zaidi. Posti inahaririwa, haichukui hata dakika moja. Milima haikutani, binadamu hukutana, na hawa wawili wote kwao ni mtaa uleule wa Temeke, duka lilelile la vocha, kijiwe kilekile cha kahawa. Wafuasi wote wale hakuna hata mmoja atakayemvulia glavu kwenye baridi ya Kitulo.

Na wewe unayesoma hapa, picha yako kali ya safari ya mwisho alikupiga nani? Mtaje hapo chini kwa jina.