Kijana aliyebeba begi na tajiri aliyelituma: nani anafungwa zaidi?

Wiki iliyopita tulipozungumzia vijana wanaofungwa nje kwa dawa za kulevya, ujumbe mmoja kutoka kwa mama wa Kilolo ulitusimamisha: "Mtoto wa miaka 22 kufungwa miaka 20 ugenini, hiyo ni haki kweli?" Muda wa kipindi uliisha kabla hatujamjibu vizuri, kwa hiyo tunajibu hapa.

Tuanze na Hong Kong, ambako Watanzania wengi wamefungwa. Mahakama za huko huanza kwa kupima mzigo. Heroini ya gramu 400 hadi 600 ni miaka 15 hadi 20. Ikizidi gramu 600, hesabu inaanzia miaka 20. Anayekiri kosa mapema hupunguziwa theluthi moja. Sasa mtu mmoja anaweza kumeza kete zenye uzito wa karibu kilo nzima. Hata akikiri, atahukumiwa zaidi ya miaka 13. China bara ni kali zaidi: kuanzia gramu 50 za heroini, hukumu ni miaka 15, maisha au kifo.

Kabla hatujawalaumu wageni, tuangalie nyumbani. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho ya 2017, inaruhusu kifungo cha maisha kwa anayesafirisha heroini inayozidi gramu 200. Kijana huyo huyo akikamatwa uwanja wa ndege Dar es Salaam kabla hajapanda ndege, hali yake si nafuu.

Sasa tumwangalie mwenye mzigo. Mwaka 2016 Serikali ya Marekani ilimtaja Mtanzania Ali Khatib Haji Hassan, maarufu kama Shkuba, kuwa mkuu wa mtandao wa heroini na kokeini uliofika Asia, Ulaya na Amerika. Mwaka 2017 alipelekwa Marekani, akakiri kosa, na mwaka 2019 akahukumiwa miezi 99. Hiyo ni miaka minane na miezi mitatu.

Weka hukumu hizo mbili pamoja. Ni nchi mbili zenye sheria tofauti, tunalijua hilo. Lakini aliyeongoza mtandao alipata miaka minane, na anayemeza kilo moja Hong Kong anapata zaidi ya 13. Hapo ndipo tunaposema haki imepinda.

Wapo watakaotujibu kwamba heroini inaua, na ni kweli. Pale hospitali ya rufaa Mbeya vijana wanapanga foleni kunywa methadoni ili waachane na unga. Wazazi wao hawana sababu ya kumhurumia msafirishaji. Pia karibu kila anayekamatwa husema hakujua kilichomo, na hakimu hawezi kuwaamini wote. Kwa hiyo hatusemi vijana hawa waachiwe. Aliyebeba akijua, afungwe.

Tunachopinga ni kuiachia mizani peke yake itoe hukumu. Uzito wa mzigo anaupanga mtumaji, na mara nyingi mbebaji hajui amebeba gramu ngapi. Umri wake, umaskini wake, alidanganywa au hakudanganywa, na je, amemtaja aliyemtuma? Mambo hayo nayo yapimwe. Na kwa hesabu ya kawaida, tajiri asifungwe miaka michache kuliko punda wake.

Wafungwa wenyewe wameshaliona hilo. Mwaka 2013 Watanzania waliofungwa Hong Kong waliandika barua kwa mkono wao kuwaonya vijana wenzao, na wengine walieleza jinsi walivyoingizwa kwenye biashara hiyo. Padre John Wotherspoon, aliyekuwa akihudumia wafungwa huko, alizisambaza kwenye mtandao. Walioko ndani walijaribu kutuokoa sisi tulioko nje.

Mama wa Kilolo, jibu letu ni hili: adhabu ni haki, lakini urefu wake mara nyingi si haki. Ila sheria ya Hong Kong hatuwezi kuibadilisha tukiwa Iringa. Tunachoweza ni kumzuia binti yetu asifike huko. Mabinti wetu wamezoea kufuatwa vijijini kwenda kazi za ndani Dar es Salaam. Akija mtu anayeahidi kazi ya nje, analipa tiketi na pasipoti kwa haraka, halafu anataka binti "amsaidie" begi, kataeni. Toeni taarifa kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 119, simu ni bure.

Na kama mtoto ameshakamatwa, aombe ubalozi wa Tanzania ujulishwe. Ni haki yake kimataifa. Asisaini karatasi asiyoielewa, aombe mkalimani na wakili.

Aliyemtuma bado anatafuta mwingine. Mkimfahamu, msimfiche.